Miungu Yao Sanaa, Wazee Wetu Uchawi?

Naandika kutoka Buwenge, kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, katikati ya miwa. Leo sikuja na hadithi ya kukimbia vita. Hizo zimejaa katika kurasa hizi na wengine wanaziandika vizuri kuliko mimi. Nimekuja na ugomvi, na nausema mapema ili asiyetaka kelele afunge ukurasa sasa hivi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kuna pembe ya ndovu iliyochongwa Ulaya miaka mia nne iliyopita, ina sura ya mungu wa bahari amebeba meli. Hiyo inaitwa sanaa. Kuna pembe ya ndovu iliyochongwa kwetu Urega, mashariki ya Kongo, ina sura ya mtu mwenye vichwa vingi. Hiyo inaitwa fetishi, inaitwa uchawi, inaitwa kitu cha shetani. Ikibahatika sana inaitwa "kifaa cha kimila". Ndovu ni yule yule. Jino ni lile lile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika patasi na mdomo unaotoa jina.

Mimi nasema huo ni uongo. Na si uongo wa makumbusho ya Ulaya peke yake. Tunao hapa hapa, kwenye makanisa yetu ya maturubai, kwenye semina za mashirika, na kwenye midomo ya watoto wetu. Unatugharimu kitu ambacho hakitarudi.

Waliochonga miungu

Tuanze na za kwao, maana huwezi kugombana na usichokijua. Zama zinazoitwa Baroko zilikuwa Ulaya kuanzia karibu mwaka 1600 hadi katikati ya karne ya 18. Wafalme walitaka vitu vya kushangaza wageni, na pembe ya ndovu ilifaa: nyeupe, laini, adimu, inakubali patasi mpaka kwenye kucha ya kidole kidogo. Wafalme wengine walijifunza wenyewe kuikereza kwa mashine. Petro Mkuu wa Urusi alikuwa mmoja wao.

Huko Dresden, Ujerumani, ndani ya hazina inayoitwa Grünes Gewölbe, ipo meli nzima ya pembe aliyoichonga Jacob Zeller mwaka 1620. Matanga yake ni ya pembe nyembamba mno, na chini yake mungu Neptune ndiye anayeibeba. Georg Petel alichonga chombo cha chumvi mnamo 1627 na 1628, akifuata mchoro wa Rubens, na juu yake mungu wa kike Venus anazaliwa baharini. Rubens alikaa nacho mpaka alipokufa mwaka 1640, leo kiko Stockholm. Chombo cha chumvi, jamani, cha kuweka mezani, na watu wanakisafiria kwenda kukitazama. Leonhard Kern alichonga mwanamke anayekula watu, uchi kabisa, na hiyo nayo iko makumbusho huko Stuttgart. Balthasar Permoser alichonga misimu minne ya mwaka, kila msimu mtu.

Kisha yupo mmoja ambaye jina lake halijulikani kabisa. Alifanya kazi mwanzoni mwa karne ya 17, akachonga mapepo ya kike ya Wagiriki wa zamani, wale wa kulipiza kisasi wanaoitwa Furia. Moja liko Frankfurt, katika makumbusho ya Liebieghaus, limekaa juu ya farasi anayeruka. Mtu hana jina, hana kaburi linalojulikana. Wataalamu wamefanyaje? Wamempa jina la heshima: Fundi wa Furia. Wanalinganisha kazi zake moja moja, wanatambua mkono wake, wanabishana kuhusu mji wake.

Sasa hesabu na mimi: pepo, mla watu, mungu wa bahari, mungu wa kike aliye uchi. Waliochonga vitu hivyo walikuwa Wakristo. Walionunua walikuwa Wakristo, tena wa zama ambazo Wakristo wa Ujerumani walichinjana kwa miaka 30, kuanzia 1618 mpaka 1648, na dini ikiwa sababu mojawapo. Hata hivyo hakuna anayesimama mbele ya meli ya Zeller akasema, "Huyu alikuwa anamwabudu Neptune." Kila mtu anaelewa bila kuelezwa kwamba Neptune pale ni njia ya kusema jambo: ukubwa wa bahari, nguvu ya mfalme, hatari ya safari. Kisasili kinabeba maana, na mtu mzima anaisoma.

Akili hiyo wanayo. Basi kwa nini wanaiacha mlangoni wakifika kwetu?

Ndovu hakuzaliwa Dresden

Swali lingine dogo. Pembe hizo zilitoka wapi?

Zama za Baroko, za pwani ya magharibi, Guinea na Loango, zilipelekwa Ulaya kwa meli za Wareno, Waholanzi na Wafaransa; mji wa Dieppe, Ufaransa, ulijulikana kwa wachongaji wake wa pembe. Za pwani yetu ya mashariki, Sofala na Msumbiji, nyingi zilivuka kwenda India, na kule Goa zikachongwa sanamu za Yesu na Maria, nyingine zikapelekwa Lisbon. Sisemi kwamba meli ya Zeller ni jino la ndovu wa Urega. Ninachosema ni kwamba kadi ya maelezo mara nyingi inataja mchongaji, mji, mwaka, kisha neno moja: pembe. Hakuna nchi ya ndovu, hakuna mwindaji, hakuna aliyeibeba begani mpaka pwani. Kana kwamba jino lilitembea lenyewe.

Lakini iko hadithi moja ambayo njia yake inajulikana vizuri, na ni ya kwetu Wakongo. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliandaa maonyesho ya Kongo huko Tervuren, nje ya Brussels. Nchi yetu wakati ule ilikuwa mali yake binafsi. Pembe za Kongo zilikuwa zimejaa kwenye soko la Antwerp, basi serikali yake ikawagawia wachongaji wa Ubelgiji wazichonge na kuziweka kwenye ukumbi wa heshima. Nao wakarudia mambo ya mababu zao wa Baroko: miungu, mashetani, viumbe vya visasili. Charles van der Stappen alichonga Sfinksi, uso wa pembe na mavazi ya fedha, kidole mdomoni akinyamazisha watu. Bado iko Brussels.

Kwenye maonyesho hayo hayo waliletwa Wakongo 267, wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho watazamwe na wageni. Saba kati yao walikufa huko, wakazikwa Tervuren. Yaani jino la ndovu wa Kongo liliingia ukumbi wa heshima likiwa limevaa uso wa kisasili cha Wagiriki na Wamisri, na mtu wa Kongo alibaki nje, nyuma ya uzio. Na yule Sfinksi ameweka kidole mdomoni: nyamazeni. Sikuongeza chumvi hapo, ndivyo walivyomchonga.

Waliochonga wazee

Sasa tuje kwetu. Kwa wasiojua: Warega tuko misituni upande wa Mwenga, Shabunda na Pangi, Kivu Kusini na Maniema. Hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na Bwami.

Bwami ni daraja. Mtu anapanda ngazi moja baada ya nyingine, na hapandi peke yake. Anahitaji ukoo wake, anahitaji mali ya kugawa, anahitaji tabia iliyoshuhudiwa na watu. Kwa wanaume ngazi ya juu kabisa inaitwa kindi. Na hakuna mwanaume anayefika huko bila mke wake kupanda naye. Kila ngazi ina masomo yake, na masomo hayo hayakuwa kwenye daftari. Yalikuwa kwenye vitu: majani, magamba, midomo ya ndege, sanamu za mbao, na kule juu kwa kindi, pembe ya ndovu. Sanamu ndogo, nyingi unazishika kwa mkono mmoja. Vinyago vidogo ambavyo mara nyingi huvivai usoni. Unavishika mkononi, unavitundika kwenye uzio, unavipanga chini.

Mzee anachukua kitu, anacheza nacho, anakisema. Anasema methali, na methali ndiyo somo. Yule mwenye vichwa vingi anaitwa Sakimatwematwe. Ni mzee anayetazama pande zote, asiyehukumu kwa kusikia upande mmoja. Yupo Wayinda, mwanamke mjamzito aliyevunja ndoa, na somo lake ni jinsi kosa la mtu mmoja linavyoumiza wasiokuwepo. Hakuna anayemwabudu Wayinda! Ni onyo, kama yule mwanamke wa Kern alivyo kioja na onyo. Mwenye kitu akifa, vitu vyake huwekwa juu ya kaburi kwa muda, halafu hupokewa na anayerithi nafasi yake. Pembe ilipakwa mafuta kama mwili wa mtu unavyopakwa, miaka na miaka, mpaka ikageuka rangi ya asali. Weupe ule wa Dresden kwetu ungekuwa ishara ya kitu kisichotunzwa.

Na lengo la yote lina neno moja kwa Kirega: busoga. Uzuri na wema pamoja, bila kutenganishwa. Nacheka kila nikiandika neno hilo, maana nakaa Busoga. Ni majina mawili yasiyohusiana, najua, Wasoga wana maana yao. Lakini mkimbizi huokota faraja popote anapoiona.

Niambie sasa: hii ina tofauti gani na Neptune? Tofauti naiona moja. Neptune alipamba meza ya mfalme ili wageni washangae. Sakimatwematwe alikuwa anamfundisha hakimu asiharakishe hukumu. Kama ni kupima uzito, mimi najua mizani inaelemea wapi.

Nani alibadilisha jina

Hapa Jinja mto una jina: Kiyira. Watu walikunywa maji yake na kuvuka kwa mitumbwi vizazi na vizazi. Mwaka 1862 Speke akafika, akatazama maporomoko, akayaita Ripon, jina la bwana mmoja wa Uingereza. Vitabu vikaandika Ripon. Kubadilisha jina ni kazi ndogo tu ukiwa wewe ndiye mwenye kitabu.

Kwetu ilienda mbali zaidi ya jina. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga Bwami marufuku. Wazee wakajificha msituni na masomo yao. Vitu vikatoka: vingine vilinyang'anywa, vingine viliuzwa kwa shida, vingine vilitolewa kwa wamisionari na watu waliobatizwa waliotaka kuonyesha kwamba wameacha. Leo viko Tervuren, viko Marekani, viko kwenye kabati za matajiri. Vilipofika huko, ghafla vikawa vizuri. Vinapigwa picha, vinawekewa taa. Ila kadi inasema "Lega". Basi. Hakuna mchongaji. Wao asiyejulikana wamempa jina la Fundi wa Furia. Wa kwetu asiyejulikana ni kabila zima. Kwa Waluba angalau walijitahidi kidogo, mmoja wakamwita Fundi wa Buli. Kwa hiyo inawezekana. Wakitaka, wanaweza.

Simsahau Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa na Warega miaka ya 1950, akasikiliza methali kwa maelfu, akachapisha kitabu kikubwa mwaka 1973. Bila yeye mengi yangepotea. Lakini tazama jambo lenyewe: kitabu kiko kwa Kiingereza, kinauzwa bei ya mbuzi, na kijana Mrega wa Nakivale hajawahi kukiona jalada.

Majibu yangu kwa wanaopinga

Najua mtakayosema, basi nijibu kabisa.

Wa kwanza ni mchungaji. Anasema Biblia imekataza sanamu. Sawa, baba mchungaji, nami ni wa kanisa. Lakini tuwe na kipimo kimoja. Zile sanamu za Goa zilichongwa kwa pembe hizi hizi na makanisa yalizipokea kwa mikono miwili. Na kama kosa ni kuchonga kiumbe cha kisasili, anza na picha ya malaika mwenye mabawa iliyo kwenye kalenda ya kanisa lako. Sanamu inayoabudiwa ni jambo moja, sanamu inayofundisha ni jambo jingine. Unajua tofauti hiyo, maana unaitumia kila Jumapili unapotoa mfano wa mwana mpotevu. Hakuna anayedhani unamwabudu mwana mpotevu. Nyani haoni kundule, ndugu yangu, na sisi Wakristo wa Kongo tumekuwa nyani kwa hili.

Wa pili ni afisa wa mashirika. Anasema, "Jamani, pembe ni jinai, msituletee matatizo." Hapa nakubaliana naye kwa asilimia mia, na naomba kila kijana asome mstari huu mara mbili. Biashara ya pembe kati ya mataifa ilifungwa kwa uamuzi wa 1989. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 ni kali: mwaka 2022 mahakama ya Kampala ilimfunga mtu mmoja maisha kwa kosa la pembe. Mwanzoni mwa 2019 forodha ya Uganda ilifungua kontena za magogo yaliyotobolewa ndani, mamia ya vipande vya pembe vimefichwa humo. Ukipewa kibegi ukivushe mpaka, usikiguse. Ndovu wamebaki wachache, na mkimbizi ndiye atakayekamatwa, si mwenye mali.

Lakini afisa wangu, mimi sikuomba pembe. Sikuomba hata kipande cha kidole. Nimeomba maneno. Sakimatwematwe anachongeka kwa mti, kwa udongo, anachorwa kwa makaa kwenye ukuta. Methali yake haihitaji ndovu afe. Kinachokufa sasa hivi ni wazee wanaoijua.

Wa tatu ni jirani yangu, na yeye ndiye mgumu kuliko wote. Anasema, "Wewe unaongea sanamu, sisi tunaongea posho." Tangu 2023 mgao wa chakula umegawa familia kwa makundi, wengine wamebaki bila kitu, na sisi tulio mjini hatukuwa kwenye orodha ya chakula tangu mwanzo. Siwezi kumwambia mwenye njaa kwamba methali inashibisha. Lakini ninamuuliza: je, njaa imetuzuia kuoa? Imetuzuia kuzika kwa heshima? Kuimba? Hatukuwahi kusubiri tushibe ndipo tuwe watu. Na mashirika yanatumia pesa kwa "utamaduni" kila mwaka, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Pesa ipo. Swali ni inanunua nini.

Inanunua ngoma. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha maandalizi, shirika silitaji. Mzee mmoja wa kwetu alisimama kueleza maana ya mkanda aliovaa na kofia yake. Alikuwa dakika ya pili tu. Kijana mwenye kizibao akasema kwa upole kabisa, "Mzee, asante, ila tunahitaji kitu cha kuchangamsha, dakika tano, watu wapige picha." Mzee akakaa. Akaniambia pembeni, "Mwana wangu, hii si kintu ya kuchangamusha batu. Hii ni masomo." Kijana yule hakuwa mbaya. Alikuwa anajaza fomu, na kwenye fomu hakuna kisanduku cha falsafa. Mkimbizi anaruhusiwa kucheza, kulia na kushukuru. Kufikiri hakumo.

Wa nne ni mtu wetu wenyewe, msomi. Anasema Bwami haikuwa malaika: ilikuwa ya wenye mali, ilikuwa na siri, maskini alibaki chini. Kweli. Siitetei kama serikali, wala sitaki irudi ilivyokuwa. Lakini mbona hakuna anayemtupa Rubens kwa sababu wateja wake walikuwa wafalme? Meli ya Zeller haikuchongwa kwa ajili ya wakulima wa Saxony. Kama cha mfalme wao kinaweza kusomwa leo na mtoto wa fundi bomba, cha kindi kinaweza kusomwa na mtoto wa mkata miwa wa Buwenge.

Ninachodai

Kelele bila dai ni kelele tu. Nina madai manne.

Kwa mashirika: ongezeni kisanduku kwenye fomu. Kwenye bajeti ya utamaduni, toeni sehemu ya kurekodi wazee, kwa Kirega, Kibembe, Kifuliiru, Kihunde, na lugha nyingine zilizomo kambini. Simu inatosha. Kijana mmoja anayejua kuandika lugha yake, alipwe kama mnavyomlipa mkalimani. Na kilichorekodiwa kibaki kwa jamii kwanza, kabla hakijaenda kwenye ripoti.

Kwa wachungaji: acheni kuwatisha wazee. Mzee anayeogopa kutengwa na kanisa atafunga mdomo, na atakufa ameufunga. Mhubiri Yesu kwa nguvu zenu zote, lakini msiite somo la haki uchawi kwa sababu tu limesemwa na mtu aliyevaa kofia ya magamba.

Kwa makumbusho ya Ulaya: mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vya ukoloni, na mwaka huo huo mfalme wao alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo wa muda usio na mwisho. Mkopo! Mtu anakukopesha shati lako. Hata hivyo ni mwanzo. Lakini msidhani Warega wote wako Kongo mkisubiri kuwaletea Kinshasa. Uganda peke yake ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na Wakongo ni wengi mno kati yao. Wenye vitu wako huku, kwenye nyumba za udongo. Leteni picha za vitu hivyo kambini, kubwa, zenye namba, muwaonyeshe wazee. Mtapata majina ambayo kadi zenu hazijawahi kuwa nayo. Na siku mkiandika kadi mpya ya meli ya Zeller, andikeni pia kwamba ndovu hakuzaliwa Saxony.

Kwa vijana wetu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mnajua jina la Herakle kwa sababu ya filamu. Mnajua Zeus, mnajua Thor na nyundo yake. Sina ugomvi na hilo, visasili vya watu ni vizuri, mvijue vyote. Lakini nikiwauliza Sakimatwematwe ni nani, mnasema, "Eh, hayo ni mambo ya wachawi wa zamani." Nani alikwambia? Alikwambia kwa lugha gani? Ulimuuliza babu?

Nenda kamuulize. Usiende na maikrofoni kubwa wala fulana ya mradi. Nenda na sukari nusu kilo, kaa chini, muulize kitu kimoja tu: "Papa, ile sanamu ya vichwa vingi, mlikuwa mnasema nini mkiicheza?" Andika anachosema jinsi anavyokisema. Akikohoa, subiri. Akisema hiki hakisemwi kwa asiyeingia, heshimu, andika kwamba alisema hivyo. Kisha ulete hapa kwenye jarida hili, tutakichapisha kwa Kirega na kwa Kiswahili, jina lake litakuwa juu na lako chini.

Meli ya Zeller ina miaka zaidi ya 400 na haiendi popote. Ina taa, ina mlinzi, ina kioo. Wazee wetu wana bati lililotoboka na dawa ya presha ya mkopo. Kila msimu wa mvua tunazika wengine. Tukimaliza kuwazika, pembe zote za Tervuren zikirudishwa kesho asubuhi, zitarudi kwa watu wasiojua kuzisoma, na sisi wenyewe tutaandika kwenye kadi: pembe, Lega, mchongaji hajulikani.